Darasa la adabu za enzi ya Malkia Victoria, Mji wa Kale: maoni ya mkodishaji vyombo

Kwa aliye na haraka, naanza na jibu. Darasa hili lina thamani ya pesa yake, na ningependa watu wengi zaidi wa Mombasa walihudhurie, hasa sisi tunaoishi kwa kuhudumia wageni. Lakini ukienda kwa ajili ya kujua uma upi unashikwa kwanza, utatoka na robo tu ya kilichomo. Robo tatu zilizobaki ziko mlangoni, njiani na msibani, na huko ndiko mwalimu huyu anakoijua kazi yake.

Mimi nakodisha vyombo na kupika kwenye shughuli: harusi, maulidi, mahafali, na chakula cha jioni cha makampuni huko Nyali na mjini. Nina wasichana wa kuhudumu, na hao ndio sababu ya mimi kulitafuta darasa. Wateja wa makampuni siku hizi wanataka meza ya sahani kwa sahani, na wasichana wangu wamelelewa kwenye sinia. Nikaambiwa kuna mwalimu mstaafu wa historia anayefundisha adabu za Waingereza wa karne ya 19 nyumbani kwake, si mbali na Ndia Kuu. Nikawalipia watatu, nikajilipia na mimi, kwa sababu sipeleki mtu wangu mahali nisipopajua.

Ada ni shilingi 2,000 kwa mtu kwa kila kipindi. Vipindi ni vinne, Jumamosi, kuanzia baada ya swala ya alasiri hadi magharibi ikikaribia. Ukilipa vyote kwa pamoja ni 7,000. Unatuma kwa M-Pesa kabla, na ukikosa kuja pesa hairudi. Mlangoni hakuna kibao, na mwenyewe ameniomba nisiandike jina lake, basi nitamwita Mwalimu. Darasa liko ghorofa ya pili. Ngazi ni kali na hazina pa kushika upande mmoja, kwa hiyo mwenye magoti mabovu apige simu kwanza, atapangiwa chumba cha chini. Juu kuna meza ndefu ya mvule, viti visivyofanana, roshani inayotazama njia, na feni moja ya dari ambayo haiwatoshi watu waliojaa chumba wakati wa kaskazi. Beba leso ya kujipangusia.

Mwalimu huanza na sababu kabla ya sheria, na hilo nimelipenda mno. Malkia Victoria alitawala kuanzia 1837 hadi 1901. Katika miaka hiyo viwanda na reli viliwatajirisha watu ambao babu zao walikuwa wachuuzi na mafundi. London ilikuwa na watu milioni moja hivi mwanzoni mwa karne, na ilipoisha walikuwa wamepita milioni sita. Huwezi kumjua kila anayekuja mlangoni. Wenye vyeo vya kurithi walitaka njia ya kumtambua mwenzao, na wenye pesa mpya walitaka njia ya kuingia. Sheria za adabu zikawa mlango wenyewe: kwa aliyezijua ulifunguka, kwa asiyezijua ulibaki umefungwa, na vitabu vya kuzifundisha vikauzwa sana kwa sababu hiyo hiyo. Mwalimu anasema haya wazi siku ya kwanza, bila kuwapamba Waingereza wala kuwatukana.

Kipindi hicho cha kwanza ni cha kutembeleana, na ndicho bora kuliko vyote. Bibi wa Kiingereza wa tabaka la juu hakuinuka tu akaenda kwa mwenzake. Alikwenda na kadi iliyochapishwa jina lake. Mtumishi aliipokea mlangoni, akaiweka juu ya trei ndogo ya fedha, akapanda nayo. Aliyeolewa aliacha kadi yake moja na mbili za mumewe, kwa sababu yeye anamtembelea bibi wa nyumba peke yake, ilhali mumewe anatoa heshima kwa bwana na bibi wote wawili. Pembe ya kadi ikikunjwa, maana yake mwenyewe amefika kwa miguu yake, hakutuma mtu. Aliyekuwa anasafiri aliandika pembeni herufi P.P.C., kifupi cha maneno ya Kifaransa ya kuaga. Ziara hizo ziliitwa za asubuhi ingawa zilifanywa alasiri, na zilikuwa za robo saa, zikizidi sana dakika ishirini. Bibi hakuvua kofia yake. Bwana aliingia sebuleni na kofia na bakora mkononi, ili ionekane hakuja kukaa. Mgeni mwingine akiingia, yule wa kwanza alijiandaa kuondoka.

Mtu wa robo saa kwetu angeulizwa kama amekuja kuchukua moto. Wanafunzi walicheka, nami nilicheka. Kisha Mwalimu akatugawa kwa zoezi: mmoja mgeni chini ya ngazi, mmoja mtumishi mwenye trei, mmoja bibi juu. Bibi anaisoma kadi na kumwambia mtumishi aseme hayupo nyumbani. Mtumishi anashuka na kusema hivyo. Mgeni anajua huenda bibi yuko juu, tena huenda amemwona dirishani, lakini anaacha kadi yake na kwenda zake bila kinyongo. Kauli ile haikuhesabiwa kuwa uongo. Ilieleweka na wote kwamba maana yake ni: leo sipokei wageni.

Kijana mmoja wa hoteli hakukubali. Alisema uongo ni uongo, hata ukibebwa kwenye trei ya fedha. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza, alimwuliza, "Mwanangu, kwenu mtu akipiga hodi mara tatu asijibiwe, hufanyaje?"

"Hurudi."

"Hata akisikia redio inalia ndani?"

Kijana alifikiri kidogo. "Hata akisikia," akasema.

Nusu saa nzima ilikwisha kwenye jambo hilo moja, na sikuona hata dakika iliyopotea. Tuliozaliwa hapa tunafundishwa hodi tatu tangu utotoni, na tunafundishwa kwamba ukiambiwa rudi, urudi, maana mwenye nyumba ana haki na stara yake. Sikuwahi kufikiri kwamba mwanamke wa London mwenye watumishi naye alihitaji ukuta wa maneno ili aweze kuugua, au kulia, au kupumzika tu mchana bila kumvunjia mtu heshima. Mmoja wa wasichana wangu, yule mkubwa wao, aliuliza swali lililonifurahisha: je, bibi akikataa kumpokea mtu yule yule kila akija? Mwalimu akaeleza kwamba huo nao ulikuwa ujumbe. Ukienda kwa mtu mwenyewe, naye badala ya kuja akakutumia kadi tu, ujue urafiki hautaki uendelee. Na mgeni aliyehamia mashambani alikaa akingoja wenyeji waje kwake kwanza. Wasipokuja, ndilo jibu lake, na hana wa kumlalamikia.

Hapo ndipo tofauti ilipo, na nilimwomba Mwalimu aikazie zaidi kwa madarasa yajayo. Hodi yetu ni ya kila mtu. Ombaomba anapiga hodi, tajiri anapiga hodi, na wote wanajibiwa kwa neno moja. Kadi ilikuwa chujio. Ilimlinda aliye ndani, lakini ilimpima pia aliye nje: karatasi yake, jina lake, anuani yake. Kadi ya mwanamume ilikuwa ndogo kuliko ya mwanamke, na mwenye kuingiza mapambo mengi katika kadi yake alijulikana kuwa mgeni wa mambo hayo. Mtu akitaka kuzisifu adabu za enzi hiyo bila kulisema hili, anaficha nusu.

Kipindi cha pili ni cha msiba. Nawaonya waliofiwa karibuni, kwa sababu Mwalimu haupiti juu juu.

Mume wa Victoria, Albert, alifariki tarehe 14 Desemba 1861, akiwa na miaka 42. Malkia alivaa nyeusi tangu siku hiyo mpaka kifo chake mwenyewe mwaka 1901. Wanawake wa nchi yake walikuwa na sheria za kufiwa tangu zamani, lakini mfano wake ulizipa nguvu zaidi. Mjane alitarajiwa kuvaa nyeusi tupu yenye krepu, kitambaa cha hariri kilichokunjamana kisichong'aa, kwa mwaka mmoja na siku moja. Baada ya hapo krepu ilipunguzwa, kisha ikaondolewa, na mwishoni akaruhusiwa kijivu na zambarau hafifu. Jumla inafika miaka miwili, na kwa wengi miwili na nusu. Karatasi zake za barua na kadi zake zilikuwa na ukingo mweusi, na ukingo ule ulipungua upana kadiri muda ulivyopita, hata aliyepokea barua aliweza kujua mwandishi amefika wapi katika huzuni yake kabla hajaifungua. Mapambo yaliyoruhusiwa yalikuwa ya jeti, jiwe jeusi lililochimbwa Whitby, mji wa pwani ya Uingereza. Mwanamume aliyefiwa na mke alivaa nyeusi kwa miezi michache tu, na kazini alikwenda kama kawaida.

Mwalimu alituzungushia bahasha aliyoitengeneza mwenyewe, yenye ukingo mweusi wa upana wa kidole. Nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila hina, bila manukato, bila kutoka ila kwa dharura, na nyumba imejaa shangazi na mawifi wanaojua kila siku iliyobaki. Wakati ule niliiona ndefu. Pale mezani niliishika bahasha ile nikaona kitu ambacho sikukiona nikiwa ndani ya eda yangu: kwamba ina mwisho unaojulikana, na ukifika, watu wenyewe wanakuja kukutoa. Yule mjane wa Kiingereza alikuwa na hatua nyingi, lakini kila hatua ilikuwa ya nguo, na kila nguo ilikuwa ya kununua. Regent Street, London, kulikuwa na duka kubwa la vitu vya msiba pekee, Jay's, lililofunguliwa 1841. Familia ya Courtauld ilitajirika kwa kusuka krepu. Maskini walitia nguo zao rangi nyeusi kwenye sufuria jikoni. Mwanamke aliyeacha nyeusi mapema alisemwa kuwa hakumpenda mumewe, na aliyezidisha muda alisemwa pia.

Mama mmoja darasani alisema afadhali wao, angalau kila mtu aliyekutana na mjane njiani alijua asimwulize maswali ya kipuuzi. Nililichukua hilo. Siku hizi hapa mjini mtu anafiwa Jumatatu, Ijumaa anaulizwa na mteja mbona hapokei simu. Nguo nyeusi ilikuwa inasema kwa niaba ya aliyeivaa. Sikubaliani na gharama yake wala na mzigo wote kuwekwa mabegani mwa mwanamke, lakini kazi ile ya kumkinga mtu na maneno ya watu ni kazi ya adabu, na Mwalimu ameifundisha vizuri kuliko nilivyotarajia kwa shilingi 2,000.

Njiani tulikwenda siku hiyo hiyo ya pili, saa za jua kupoa, kutoka nyumbani kwake hadi ngazi za Leven zinazoshuka baharini. Zoezi ni la salamu. Mwanamume wa Kiingereza akikutana na mwanamke anayemfahamu kidogo, hakumsalimu kwanza. Alingoja mwanamke ainamishe kichwa, ndipo avue kofia. Mwanamke asipoinamisha, mwanamume anapita kama hawajuani, na hana haki ya kuudhika. Katika kumtambulisha mtu, mwanamume ndiye anayepelekwa mbele ya mwanamke, na mdogo wa cheo mbele ya mkubwa. Wakitembea pamoja, mwanamume hukaa upande wa barabara, palipo na matope na magari ya farasi. Mji wa Kale hauna nafasi ya hilo. Pikipiki ikija, wote mnabandikwa ukutani.

Wasichana wangu walipenda sana ile ya mwanamke kuanza. Kwetu mdogo humwamkia mkubwa, anayepita humsalimu aliyekaa, wachache huwasalimu wengi, na hiyo ni salamu ya kumtakia kila mtu amani, hainyimwi mtu. Lakini msichana anayerudi kazini usiku na aproni mkononi anajua kwamba si kila salamu ya kijiweni ni ya amani. Kuwa na sheria inayotambuliwa na mji mzima kwamba yeye ndiye anayeamua nani anamfahamu, hilo waliliona kuwa jambo kubwa. Mwalimu akawakumbusha haraka kwamba sheria ile ilimlinda bibi aliyevaa glavu. Msichana wa jikoni aliyepita njia hiyo hiyo hakuvuliwa kofia na yeyote.

Pale kwenye ngazi Mwalimu alitaja kwa ufupi jambo ambalo lilistahili kipindi kizima. Ali bin Nasir, aliyekuwa liwali wa Mombasa, alikwenda London kwa niaba ya Seyyid Said wa Zanzibar na Oman, katika miaka ya mwanzo ya utawala wa Victoria. Mwaka 1842 alikwenda na meli ya Seyyid Said mwenyewe, Sultana, akiwa na zawadi za malkia, farasi wa Kiarabu wakiwemo. Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na jumuiya ya Waingereza, alipofika Mombasa mwaka 1844, liwali aliyempokea ni huyo huyo. Kwa hiyo mmoja wa watu wa kwanza wa mji huu kukaa meza moja na Waingereza wa enzi hiyo hakuwa mtumishi wala mwanafunzi. Alikuwa balozi. Nilitaka kujua zaidi. Mwingereza anavua kofia akiingia ndani na kubaki na viatu. Mtu wa pwani anavua viatu na kubaki na kilemba. Wote wawili wanaheshimu nyumba ile ile kwa kuvua, mmoja juu, mmoja chini. Hilo tu lingetosha jioni nzima ya mazungumzo, na Mwalimu ana maarifa ya kuliendesha. Tulipita hapo kwa muda wa kunywa maji.

Kipindi cha tatu ni cha meza. Hiki ndicho watu wengi wanakilipia, nami nitasema machache.

Anafundisha jinsi mtindo wa kula ulivyogeuka katikati ya karne. Zamani vyakula vyote viliwekwa mezani kwa pamoja na watu wakapakuliana, mtindo ulioitwa wa Kifaransa. Baadaye ukaja wa Kirusi, ambapo watumishi wanaleta chakula kimoja baada ya kingine, wakimpitishia kila mgeni kushotoni ili ajipakulie kwa mkono wa kulia. Ndiyo maana uma na visu vikawa vingi, na ndiyo maana vinashikwa kuanzia vya nje kuja ndani. Glavu zinavuliwa mtu akishakaa. Mkate unamegwa kwa mkono, haukatwi. Supu haipulizwi, na haiombwi mara ya pili, kwa sababu meza nzima itakungoja. Bwana wa nyumba anaingia wa kwanza na bibi mwenye cheo kikubwa zaidi, na bibi wa nyumba anaingia wa mwisho na bwana mwenye cheo kikubwa zaidi. Chakula kikiisha wanawake wanaondoka kwenda sebuleni, wanaume wanabaki na mvinyo wao.

Kwangu mimi hili la Kirusi na Kifaransa lilikuwa na faida ya moja kwa moja. Sinia letu ni la mtindo ule wa zamani: vyote vipo mbele yenu, na mwenyeji anakusogezea mnofu mzuri upande wako. Mhudumu wa sinia anafanya kazi kubwa mwanzo na mwisho, katikati anapumzika. Mhudumu wa sahani kwa sahani hapumziki, na lazima wote waende kwa mwendo mmoja. Baada ya kipindi hiki niliacha kuwagombeza wasichana kwa uvivu ambao haukuwa uvivu. Nikawapanga upya: mmoja kwa wageni wanane, na hakuna sahani inayoondolewa kabla mgeni wa mwisho wa meza hajamaliza. Tulipohudumia chakula cha jioni cha kampuni moja Nyali, meneja alikuja jikoni kushukuru, jambo ambalo halitokei mara kwa mara katika kazi yetu.

Kitu kimoja kutoka kipindi hicho nimekifanya sheria ya kazi. Mgeni akikosea mezani, mwenyeji mzuri wa enzi ile hakuona. Akiangusha, hakikuanguka. Akishika uma usio wake, hakuna macho yanayoufuata. Wasichana wangu walikuwa na tabia ya kukimbilia kumrekebishia mgeni kijiko mbele ya watu, wakidhani ni huduma nzuri. Wameacha.

Sasa malalamiko, na nayasema kwa sababu nataka darasa hili liendelee.

La kwanza ni la watumishi. Kila zoezi la kadi, la mlango na la meza linahitaji mtu wa kuwa mtumishi, na siku ya kwanza waliochaguliwa walikuwa wasichana wangu, wote watatu, kila mara. Walikuja na sare zao kwa sababu walitoka kazini. Nilizungumza na Mwalimu pembeni, akaelewa mara moja, na kuanzia hapo zamu zikazunguka, mpaka mama mmoja wa ofisini akabeba trei. Hilo lilikwisha vizuri. Lakini katika masomo yenyewe watumishi wanatajwa kama vifaa vya nyumba. Utumishi wa nyumbani ndio uliokuwa ajira kubwa kuliko zote kwa wanawake wa Uingereza wakati huo, zaidi ya wanawake milioni moja. Msichana wa kazi zote katika nyumba ya watu wa kipato cha kati aliamka kabla ya jua, akapakua majivu, akawasha moto, akachemsha maji na kuyapandisha ghorofani kwa ndoo, na akalala wa mwisho. Bila yeye hakuna kadi juu ya trei wala supu ya moto. Wasichana wanaofanya kazi kama yake wamekaa pale darasani, wamelipiwa. Wanastahili kusikia habari zake kwa saa nzima, si kwa sentensi mbili.

La pili ni lugha ya pepeo za mkono, katika kipindi cha nne. Tulifundishwa kwamba bibi akiigusisha pepeo shavu la kulia maana yake ndiyo, la kushoto hapana, na mengine mengi, kama kwamba kila ukumbi wa dansi ulijaa mazungumzo ya siri. Karatasi zenye orodha hizo zilisambazwa na watengenezaji wa pepeo, Duvelleroy wa Paris aliyekuwa na duka London pia, ili bidhaa yao inunuliwe. Ni biashara nzuri, lakini ifundishwe kama biashara. Chumba kilichojaa wanawake wa Mombasa, ambao wanajua kabisa leso, yaani kanga, yenye jina fulani ikivaliwa mbele ya jirani fulani inasema nini, kinaweza kupewa ukweli huo na kuujadili vizuri zaidi.

La tatu ni chai ya kufungia. Kipindi cha nne kinaisha kwa chai ya alasiri, desturi inayonasibishwa na Anna, mke wa Duke wa Bedford, mwenye cheo cha juu cha kurithi, ambaye karibu na 1840 alikuwa akiona njaa kati ya mlo wa mchana na chakula cha usiku kilichochelewa. Wazo ni zuri, na vikombe vya Mwalimu ni vya udongo mwembamba wa kupendeza. Lakini birika lilikuwa moja kwa watu wote, hivyo wa mwisho tulikunywa chai ya vuguvugu. Sandwichi za tango zilikatwa mapema zikaachwa wazi chini ya feni, kingo zikakauka. Mkate wa aina hiyo hufunikwa kwa kitambaa chenye unyevu mpaka dakika ya kupelekwa mezani, na tango hutiwa chumvi kidogo na kukamuliwa kwanza. Pembeni kulikuwa na sahani ya kaimati aliyoleta jirani, na hiyo iliisha kabla ya sandwichi kuguswa.

Nimempa Mwalimu maoni yote haya ana kwa ana kabla ya kuyaandika hapa, na alinisikiliza na daftari mkononi. Tumekubaliana kwamba kundi lijalo nitamwazima mabirika matatu na vikombe vya akiba bila malipo, naye atamruhusu yule msichana wangu mkubwa aongoze saa moja ya kipindi cha tatu, kuhusu siku ya kazi ya mtumishi, kuanzia alfajiri. Ameanza kusoma, na ananiuliza maswali ya makaa na maji ya moto tukiwa tunaosha sufuria. Kundi hilo litaanza baada ya Idi. Nafasi ni chache kwa sababu ya chumba, na wanaotoka kazini waruhusiwe na mabosi wao mapema, maana Mwalimu hufunga mlango wa chini alasiri ikishaswaliwa na aliyechelewa atapiga hodi tatu tu.